Kidole cha Nne

"Wewe ndiye mwanafunzi wangu wa saa kumi?" Bogna aliuliza, mkono ungali kwenye kitasa.

"Ni mimi," Ziemowit alijibu. "Nilijiandikisha kwa jina la dada yangu. Ningetumia langu usingefungua."

"Hata sasa najuta."

Lakini alimpisha. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu huyu mchumba wake, mpiga piano aliyetajwatajwa Warsaw nzima, amtumie ujumbe wa maneno manne: "Usinisubiri. Nimepata mwingine. Samahani." Bogna alilia hadi macho yakavimba, kisha akanawa uso akaendelea kufundisha watoto.

Ilikuwa Juni. Harufu tamu ya maua ya miti ya barabarani iliingia dirishani, chumba kizima kikawa kama kinasinzia.

"Huyo mwingine hajambo?"

"Nifundishe kwanza, Bogna. Kama mtoto anayeanza."

Bogna alikuwa akiwaanzisha watoto kama Chopin, mtunzi mkuu wa piano wa kwao, alivyowaanzisha wanafunzi wake: vidole vitatu virefu juu ya vitufe vyeusi vya piano, gumba na kidole cha mwisho juu ya vyeupe, mkono ujilaze wenyewe. Akaushika mkono wa kulia wa Ziemowit auweke hivyo. Ulikuwa na joto lilelile, na moyo wake ukamsaliti.

"Bonyeza kimoja kimoja. Usitumie nguvu. Acha mkono upumue."

Sauti tatu zikatoka, laini, zikaelea chumbani. Ilipofika zamu ya kidole cha nne, kile cha pete, kukawa kimya.

"Ziemek, bonyeza," alisema, jina la kumdekeza likimponyoka.

"Nabonyeza."

Bogna akakifinya kile kidole kwa kucha. Ziemowit hakushtuka.

"Umekifanya nini?"

"Nilikifunga kwa mpira nikawa nakivuta. Kwa muda wa saa nane kila siku. Profesa wangu alisema ni kivivu, lazima kilingane nguvu na vingine kabla ya mashindano."

"Nilikwambia. Chopin aliwakataza wanafunzi wake kufanya mazoezi zaidi ya saa tatu kwa siku. Alisema kila kidole kina sauti yake, hakuna haja ya kuvilazimisha vifanane. Ukanijibu mimi ni mwalimu wa vitoto, nijue nini."

"Nilikujibu hivyo."

"Na yule mwingine?"

"Hakuna mwingine. Daktari alisema neva imekufa. Nikaona, Bogna alichumbiwa na mpiga piano. Sasa ataolewa na nani?"

Hasira na furaha zilimjia Bogna pamoja, asijue aanze na ipi.

"Kwa hiyo ukaona afadhali nilie kwa wivu kuliko nilie na wewe."

"Niliogopa huruma yako."

"Mjinga wewe," alisema polepole, machozi yakimdondoka. "Mjinga mkubwa."

"Sikuja kuomba turudiane. Nataka kujifunza kufundisha, watoto wasije wakafanya nilichofanya. Vidole tisa vinatosha?"

"Vinatosha. Ila ulichokuja kuomba nitaamua mimi."

Simu ya Bogna ikalia. Ujumbe wa mama yake: "Pierogi zinapoa. Uko na nani mpaka saa hizi?"

Akaandika: "Na mkwe wako. Ongeza sahani."

Mama akajibu: "Mlete. Mwambie ana kesi na mimi."

Kesi ilisikilizwa mezani, Ziemowit akala sahani mbili za adhabu. Kiangazi chote alikaa pembeni ya Bogna akiwatazama watoto wakilaza mikono, na profesa alipompigia simu hakupokea.

Septemba wakasimama kanisani. Kwao pete ya ndoa huvaliwa mkono wa kulia, kwa hiyo hapakuwa na kidole kingine cha kuchagua. Bogna akaisukuma taratibu hadi ikafika mwisho. Ziemowit alikuwa amemkazia macho usoni, bado anasubiri.

"Mbona hunivishi?" alinong'ona.

"Nimeshakuvisha, mume wangu."

Ziemowit akainamisha macho, akaiona, ndipo akaanza kulia.