Huruma ya Nesi Yanjmaa

Sikilizeni, ndugu zangu, yaliyompata Galsan, mfugaji ambaye nyika yetu nzima ya Gobi, hapa Mongolia, ilimpenda kwa mizaha yake.

Yalikuwa masika, majira ya kuchana mbuzi manyoya. Kazi imekwisha, majirani wamejaa hemani kwake, nyama ya kondoo inafuka mvuke. Galsan akameza kipande, kikakwama. Akakitema, watu wakacheka, naye akacheka nao. Mkewe, Dulmaa, hakucheka. Alikuwa akiyaona hayo tangu wakati wa baridi.

Kesho yake wakaenda zahanati, kwa Nesi Yanjmaa.

"Nyama haishuki, nesi," Galsan alisema. "Nadhani kondoo wameamua kulipiza kisasi."

Yanjmaa aliona jinsi koti lilivyompwaya. Baba yake mwenyewe alianza hivyohivyo. Alipelekwa mjini, akapasuliwa, akarudishwa ndani ya jeneza. Tangu hapo Yanjmaa, pamoja na elimu yake yote, aliamini kwamba kansa haina tiba, na kwamba kuitaja ni kumchimbia mtu kaburi angali hai.

"Ni umri tu, Kaka Galsan. Kunywa supu, na chai isiwe ya moto sana."

"Tusiende hospitali ya mkoa?" Dulmaa aliuliza.

"Ya nini kumtesa barabarani, dada? Watampasua bure."

Akawapa vidonge vya tumbo. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Walipoondoka, alijifungia chumba cha dawa akalia.

Kiangazi kikapita. Supu nayo ikaanza kukwama, kisha chai. Mwanamume aliyekuwa akishindana na farasi wakali sasa alinyanyuliwa na mkewe kama mtoto mchanga. Dulmaa hakungoja tena ruhusa ya mtu. Alimlaza ndani ya gari la jirani, wakaenda mkoani.

Daktari alimpima, kisha akamwita Dulmaa pembeni. "Hakuna aliyewaambia mje mapema? Mngekuja wakati wa masika, pengine tungekuwa na la kufanya. Sasa kansa imeenea."

Waliporudi, Dulmaa aliingia zahanati bila kubisha hodi.

"Ulijua?"

"Nilishuku, dada."

"Ukanyamaza!"

"Nilimwonea huruma. Nilitaka afie kwake."

"Nani alikupa kazi ya kumchagulia pa kufia? Nilikuuliza habari ya hospitali, ukanipa supu!"

Yanjmaa akaenda kumwomba Galsan radhi. Sauti ya mgonjwa ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Ungeniambia, nesi. Ningeogopa, ndiyo. Lakini ningekwenda."

Akamgeuzia mgongo. Alifariki kabla theluji haijaanguka.

Siku hizi kila anayelalamikia shida ya kumeza, Yanjmaa humwandikia aende mkoani siku hiyohiyo. Baadhi yao wamerudi wazima, wakampelekea maziwa ya shukrani. Huyapokea kwa mikono miwili, kisha hushindwa kuyanywa.

MAFUNZO

Nesi, hofu yako isiwe ukuta kati ya mgonjwa na daktari. Kansa iliyowahiwa si sawa na kansa iliyochelewa, na kilichomuua baba yako huenda ni kuchelewa. Ukishuku, sema; ukisema, mpeleke. Nawe mgonjwa, ukiambiwa "ni umri tu" na mwili wako unakataa, usikubali kurudi nyumbani kunywa supu.