Taa Nyekundu ya Papa Stanislas

Taa ya mbele iliwaka kwanza, nyeupe. Kisha ya nyuma ikawaka, nyekundu, na ile ya mbele ikazimika. Jambo dogo, utasema. Lakini mtaa mzima haukuwa na umeme tangu asubuhi, na kile kichwa cha treni kilikuwa kimelazwa ubavu juu ya meza, mbali na reli zake.

Ruphin alikitazama, akapiga mwayo. Alikuwa fundi wa redio na simu, na kazi hii ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Mzee mmoja wa mtaa wa Karavia, Monsieur Floribert, alikuwa na treni ya kuchezea, kichwa chake kirefu kama mkono wa mtu mzima, akataka kiwekewe taa zinazotii amri: nyeupe kikienda mbele, nyekundu kikirudi nyuma. Siku tatu Ruphin aliinamia dekoda, kile kipande kidogo kuliko ukucha kinachopokea amri hizo, akilehemu nyaya nyembamba: ya bluu kwa taa zote, nyeupe kwa ya mbele, ya njano kwa ya nyuma. Halafu ampuli ya nyuma, ile balbu ndogo, ikaungua. Kushuka tena mjini kutafuta nyingine? Miguu ilikataa.

Juu ya kabati palikuwa na taa ya mkono ya baba mkwe wake, marehemu Papa Stanislas, aliyefanya kazi kwenye treni za Sakania miaka thelathini. Kwa taa hiyo mzee alikuwa akicheza uani na mjukuu wake, aliyemwita nkambo, yaani babu: nyeupe, njoo, nyekundu, simama. Ruphin akaifungua, akachomoa ampuli, akaipaka rangi nyekundu na kuiunga kwenye waya wa njano.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea. Matanga yalikuwa bado hayajaondolewa. Katika ukoo wa mkewe, kifaa alichofanyia kazi marehemu hakiguswi mpaka familia ikae na kumkabidhi mrithi. Lakini mtu aliyechoka hakosi maneno ya kujitetea. Ruphin alijiambia ni ampuli tu.

Basi siku hiyo taa zilipowaka bila umeme, chumba kilinuka tumbaku na mafuta ya mashine, harufu ya Papa Stanislas akitoka kazini. Ruphin akageuka. Binti yake Deborah, wa miaka mitano, alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akiitazama ile nyekundu. Nje ya mlango huo, hatua thelathini tu, inapita reli ya treni za kweli.

Ikawa hivyo kesho yake na keshokutwa, kila jua lilipokaribia kuzama: nyeupe, kisha nyekundu, kisha ile harufu, na kila mara mtoto yuko mlangoni. Ruphin akakata nyaya zote, taa zikawaka vilevile. Usingizi ukamhama. Mkewe, Christiane, akaacha kula, na jioni ya nne akamwambia kwa sauti ya chini, mtoto asisikie:

"Papa iko na kasirani juu ya ampuli yake. Anataka kutubebea mutoto."

"Minajua," Ruphin akasema. "Nimechoka, Christiane. Tuite Mama Germaine."

Mama Germaine alikuwa mama wa maombi, hodari wa kufukuza wafu. Alikuja na chumvi na maji ya baraka, akawagombeza kwanza: mnamlilia mtu huku mnamwibia! Aliamuru ampuli irudi mahali pake. Familia ikaitwa, matanga yakaondolewa, na taa akapewa Paulin, mdogo wa marehemu, aliyeondoka nayo kwenda Sakania. Ndipo Mama Germaine akazunguka nyumba akinyunyiza, akimtaja Papa Stanislas kwa jina, akimwambia kazi yake imekwisha na mlango huu si wake tena. Harufu ya tumbaku ikafifia, ikaisha. Christiane alilia kidogo, kisha akala ugali.

Kesho yake Ruphin alilala mchana kutwa. Aliamka jua likizama, umeme haupo, na juu ya meza ile taa nyeupe ikawaka, naye kwa mazoea akangoja nyekundu, akangoja huku akilitazama lile tundu la nyuma lililobaki tupu, akangoja mpaka pua yake ikakamata harufu ambayo haikuwa ya tumbaku wala ya mafuta bali ya maji yaliyolala siku nyingi na kitu ndani yake, na mwanga ukazidi kuwa mweupe, na Deborah akainuka mkekani, safari hii viatu vyote viwili miguuni, akapita mbele yake bila kumwona.

Alimkamata kizingitini. Mtoto alivuta kwa nguvu za mtu mzima.

"Unaenda wapi, mama?" akamnong'oneza.

"Kuko muntu ananiita kule ku reli," Deborah akasema. "Kila siku nkambo alikuwa ananikatazaka na taa yake. Leo nkambo haiko."

Ruphin akaketi pale pale, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akamwita Christiane ampigie Paulin simu haraka, airudishe taa. Sakania ni mbali. Nyuma yake ile nyeupe haikuzimika, na kope zake zilikuwa nzito. Alijua hatamwachia mwanawe. Alijua pia kwamba yeye ni mtu, na mtu lazima alale.