Uko Nyuma ya Nani?

Kila akitoka shule, Kidole alikwenda zahanati alikofanya kazi shangazi yake, muuguzi. Nyumbani hakukuwa na mtu. Shuleni wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu alichapa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, na hakuna aliyetaka kukaa naye. Basi akakaa na kompyuta ya mapokezi, akajifunza peke yake JavaScript, lugha ya kuandikia programu, akaiandikia zahanati programu ya foleni.

Alitumia orodha unganishi: kila mgonjwa ameshikanishwa na anayemfuata tu. Ukimshika wa kwanza, unawafikia wote.

Siku moja mama mmoja alichoka kungoja, akaondoka. Kidole akamfuta. Skrini ikabaki na majina mawili, ya waliokuwa mbele yake. Wawili hao walipotibiwa, karani wa mapokezi akafunga dirisha.

"Wamekwisha."

"Tumekwisha vipi, mwanangu?" akauliza mzee mmoja huku akikohoa. "Nimekaa hapa tangu asubuhi."

"Kompyuta haikujui, mzee. Njoo kesho."

Ndivyo wanyonge wanavyopotezwa miaka yote: anafutwa mmoja, walio nyuma yake wanazama naye, na mwenye dirisha anakwenda zake kula.

Kidole angeweza kunyamaza, lawama ikabebwa na kompyuta. Lakini mzee alikuwa anainuka, ameshika ukuta, kifua kinamkoroma.

"Shangazi! Nimekosea mimi. Nilimkata yule mama kabla ya kumshika aliye nyuma yake. Wote wamepotea."

"Basi kawatafute."

"Mimi? Niongee nao?"

"Sasa nani, kibodi?"

Akaenda benchi kwa benchi. "Shikamoo, babu. Uko nyuma ya nani?"

"Marahaba. Namfuata huyu mwenye mtoto."

"Na mimi niko nyuma ya babu," akadakia mwingine. "Usiniruke tena, mjukuu!"

Watu wakacheka. Kidole naye akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Akawaingiza upya mmoja mmoja, kisha akarekebisha programu: aliye mbele aunganishwe kwanza na aliye nyuma, ndipo anayeondoka afutwe. Dirisha likafunguliwa. Mzee akaitwa.

Jioni, wakifunga milango, shangazi akamwambia, "Kukosea ni kwa kila mtu. Umesema mapema, mzee ametibiwa. Ila usisahau: kompyuta haijamfukuza mgonjwa hata siku moja. Anayemfukuza ni aliyeiandika vibaya akanyamaza, na aliyefunga dirisha bila kutazama benchi. Wewe umetazama."