Chano cha Mfalme wa Majini

Siku ya kwanza ya mazoezi lilipungua pande moja la halua, na Nassra akamshuku Kheir papo hapo. Nani mwengine? Kheir ndiye aliyeigiza Mfalme wa majini, na chano cha sadaka, sinia la mbao, kiliwekwa miguuni pake: halua, mayai, marashi, asumini. Vyote vya kweli, maana Rahila, mwongozaji wao, hakutaka vya kubuni. Alikuwa ameapa kuifufua tamthilia ya marehemu Maalim Jecha, ya mashairi matupu, inayoanza asubuhi na kumalizika magharibi, ambayo Mji Mkongwe haujaiona tangu mama zao wakiwa wasichana.

"Yakhe, utatumalizia chano," Nassra alimwambia Kheir.

"Wallahi si mimi! Nna sukari, halua naitazama kwa macho tu."

Hakumwamini. Siku ya pili akamvizia mwanzo mpaka mwisho. Kheir hakuinama hata mara moja, na yai moja halikuwepo. Ukumbi ukanuka asumini ya chumba cha biharusi, ilhali ile ya kwenye chano ilikuwa ishanyauka kwa joto.

Sasa, Nassra aliigiza malkia anayeombea nchi yake mvua. Na yeye mwenyewe alikuwa mja mzito, miezi mitano, baada ya mimba mbili kuharibika. Siku ya tatu akatamka maneno ya malkia: "Nakupa kilichomo tumboni mwangu." Kheir alitakiwa acheke, lakini alikuwa bado anavuta pumzi, mdomo umefumba, kicheko kikatoka chini, miguuni pake, usawa wa chano, kizito, kikaendelea na kuendelea mpaka mbao za jukwaa zikatetema chini ya nyayo za Nassra, na mtoto aliyekuwa akicheza tumboni tangu asubuhi akatulia tuli.

"Umecheka wewe?" alinong'ona.

"Mimi? Mbona nami nataka kukuuliza?"

Siku tatu mtoto hakutikisika. Hospitali wakamlaza, moyo wa mtoto unapiga, walisema, ila taratibu mno. Alipotoka, mumewe akamwendea Bi Sichana, fundi wa majini wa Mangapwani, akamleta ukumbini mchana ule ule.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Hivi nyinyi mna wazimu? Mmemtandikia jini chano, mmemwita. Kisha mnamtamkia ahadi mbele ya chakula chake. Yeye atajuaje kama mnacheza? Alotamka ndiye wa kurudisha, kwa kinywa chake, pale pale."

Ubani ukafukizwa. Nassra akasimama mbele ya chano.

"Nilichokupa nnakirudisha. Mwanangu sikupi!"

Harufu ya asumini ikakatika. Mtoto akapiga teke.

"Anacheza!" Nassra akaangua kilio. "Alhamdulillahi, anacheza!" Kheir naye akakaa chini akilia bila ya haya.

Rahila peke yake hakufurahi.

"Bi Sichana," alisema polepole, "Nassra alipolazwa nilisimama mimi mahala pake, tusipoteze siku za mazoezi. Niliyasema yote."

Bi Sichana akamtazama tumbo.

"Una kitu?"

"Wiki sita. Hata mume wangu sijamwambia."

Rahila akapanda jukwaani mbio, akasema nnarudisha, nnarudisha, nnarudisha, mpaka sauti ikamkauka. Asumini ikaanza kunuka tena, na safari hii ilitoka kwenye nguo zake.