Gari Lililokula Ng'ombe wa Mageni

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mabula alikwenda kwanza zizini. Aliwaita ng'ombe kwa rangi zao na kuwapapasa migongo. Walikuwa kumi na wawili, wanene, lakini hawakuwa wake hasa. Walikuwa mahari ya binti yake Mageni, aliyeolewa mbali, huko Chato.

Kwa Wasukuma wa siku zile, mahari haikuwa mali ya kuchezea. Binti akiteswa kwa mumewe, baba yake hurudisha ng'ombe, naye binti hurudi nyumbani. Ng'ombe wakiwapo zizini, njia ya kurudi ipo. Limi, mama yake Mageni, hakukubali hata ndama mmoja auzwe.

Nyumba yao ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga. Mabula alikuwa amechimba dhahabu Geita kwa miaka kumi na mmoja, mpaka kifua kikamchosha. Mwaka 1953 aliaga mgodini. Siku hiyohiyo, mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwonyesha gari analoliuza. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, lililotengenezwa kwa ajili ya kwenda mbio.

Mabula alilikagua kama anavyokagua dume mnadani. Alilizunguka, akalipapasa ubavuni, akayapiga teke magurudumu, akalisikiliza likinguruma. Lo, sauti ile! Mwili ulimsisimka. Kuendesha alikuwa amejifunza kwa malori ya mgodi. Bei yake ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili, karibu akiba yake yote. Hata hivyo, jipya la aina ile lingemgharimu mara kumi.

Aliuliza umri wa gari. Aliuliza kwa nini linauzwa. Hakuuliza linakula nini, kwa sababu mtu akinunua dume haulizi swali hilo. Majani yako porini, tena ni ya bure.

Limi alilisikia gari kabla ya kuliona. Alitoka nje na mwiko mkononi.

"Baba Mageni, ni nini tena hiki?"

"Gari, mama! Sasa nitafika kwa mwanetu kwa siku moja tu."

"Na hela za kujengea ile nyumba ya mawe tuliyopanga?"

"Wewe nawe! Hebu panda kwanza."

Kweli, walikwenda Chato. Watu walilizunguka gari, na mkwe wao Januari alilisifia mpaka akakaukiwa mate. Mageni aliketi ndani, akacheka, akashika usukani. Mabula alirudi nyumbani kichwa kimemvimba. Hakujua kuwa hiyo ndiyo safari ya kwanza na ya mwisho kwenda kwa binti yake kwa gari lile.

Walipokuwa wakirudi, jiwe lilitoboa tumbo la gari, oili ikamwagika yote. Ng'ombe wa kwanza akauzwa.

"Mmoja tu," Mabula alimwambia Limi. "Nitamrudisha baada ya pamba."

Limi alikwenda kumfungua ng'ombe mwenyewe, akamfuta matongotongo, akamkabidhi Mabula kamba.

Baadaye tairi zikaisha. Ukubwa wake haukupatikana Shinyanga wala Mwanza, ikabidi ziagizwe Nairobi. Wakaenda ng'ombe wawili. Ikafuata leseni ya gari, ikafuata bima, wakaenda wengine wawili. Petroli nayo haikuwa na msimu. Kila mwezi Mabula aliiendea mjini, na kila mara ilikwisha kabla hajaichoka safari.

Mwaka wa pili gari lilianza kukohoa. Mabula alilipeleka kwa Bashiri, fundi wa Shinyanga mjini. Bashiri alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mwongo. Aliinua boneti, akaguna.

"Bwana Mabula, nani alilikagua gari hili kabla hujalinunua?"

"Mimi mwenyewe."

"Fundi je?"

"Lilikuwa linang'aa, Bashiri."

"Haya. Sogea nikuonyeshe." Bashiri alielekeza bisibisi yake. "Lori langu lina kabureta moja, hiki chombo cha kuchanganyia petroli na hewa. Hili lina mbili, na lazima zipumue pamoja. Moja ikichelewa, injini inakohoa na kumeza petroli kama haina akili nzuri. Gari la kawaida linakwenda maili thelathini kwa galoni moja. Hili maili kumi na tano, ukilibembeleza. Tena ona lilivyo chini. Limetengenezwa kwa barabara za lami. Wewe unalipitisha kwenye matuta na makorongo!"

"Lakini nililipata kwa bei rahisi."

"Ile bei ilikuwa ya kukufungulia mlango tu. Gharama yenyewe inaanza ukiliwasha. Mwenye kununua gari lililotumika anauliza kwanza: linakunywa kiasi gani? Tairi zake zinapatikana wapi? Spea je? Bima na leseni ni kiasi gani kwa mwaka? Kisha anaweka kando hela za matengenezo kabla halijaharibika. Asipoweza kuyalipa hayo yote kwa mapato yake, basi hata akipewa bure alikatae."

Mabula alijikuna kichwa. "Sasa nifanye nini?"

"Liuze leo, likiwa bado linatembea. Giaboksi inalia. Ikifa, utauza zizi zima."

Hapo ndipo Mabula alipokosea kosa kubwa kuliko la kwanza, maana safari hii alikuwa ameshaambiwa. Aliona haya. Kijiji kizima kilimjua kwa gari lile. Angepitaje kwa miguu mbele ya watu waliomwona akipita mbio? Akalirudisha nyumbani.

Giaboksi ilikufa baada ya wiki tano. Akauza ng'ombe watatu, akaitengeneza, ikafa tena; wakaenda wengine watatu, nayo haikupona. Mwisho gari likawekwa juu ya mawe karibu na zizi, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti. Zizini alibaki ng'ombe mmoja, tena mzee.

Mchana mmoja wa kiangazi, Limi alipiga kelele. Mageni alikuwa amesimama uani. Alikuwa amepanda lori mpaka Geita, lori jingine mpaka Shinyanga, kisha akatembea. Alikuwa ameufunga mkono wa kushoto kwa kitenge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mkono una nini?"

"Januari alinipiga kwa mpini wa jembe. Si mara ya kwanza. Baba, nimechoka. Rudisha ng'ombe wao."

Mageni alitazama zizi. Akaangalia tena, kana kwamba wengine wamejificha nyuma ya yule ng'ombe mzee. Kisha akaliona gari juu ya mawe, akaelewa. Aliketi chini, akalia kwa sauti ndogo, na Limi akalia naye.

Baada ya siku tatu wazee wa upande wa Januari walifika. Walisema maneno machache. "Tupeni ng'ombe wetu, au tupeni mke wetu." Mabula aliomba muda, wakakataa. Mageni aliondoka nao, mkono ukiwa bado kwenye kitenge, hata hospitali hajapelekwa, maana siku zote tatu Mabula alikuwa akihangaika kukopa ng'ombe. Mabula aliwatazama mpaka wakapotea mbugani. Alijichukia siku ile.

Kesho yake alikwenda kwa Bashiri kwa miguu, mbele ya watu wote. Hakuna aliyemcheka. Alichokuwa akikiogopa mwaka mzima hakikuwapo kabisa.

Bashiri alimtafutia mnunuzi wa vyuma. Zilipatikana hela za ng'ombe watatu. Mabula akalima pamba ekari mbili zaidi, akanunua baiskeli kuukuu, akawabebea watu mizigo kwenda mnadani. Kabla ya kununua baiskeli hiyo aliuliza bei ya mpira, mnyororo na gundi. Muuzaji alimwona kituko.

Ilichukua misimu mitatu. Ng'ombe kumi na wawili waliswagwa mpaka Chato, na Mabula akarudi na Mageni. Alimpeleka moja kwa moja hospitali ya Kolandoto. Daktari aliupapasa mkono, akatikisa kichwa. Mfupa ulikuwa umejiunga vibaya zamani. Angeletwa mapema, ungenyooka.

Mwaka uliofuata jirani yao Herman alikuja mbio. Alikuwa ameonyeshwa pikipiki kubwa, iliyotumika, ya bei ya kutupa. Mabula alimkalisha na kumuuliza maswali yote ya Bashiri, moja baada ya jingine. Herman alianza kuhesabu gharama kwa vidole, vidole vikamwishia.

"Basi naiacha," alisema Herman. "Wabeja, mzee, asante sana. Kwani lile gari lako, ukijumlisha yote, lilikugharimu kiasi gani?"

"Akiba yangu ya mgodini," alisema Mabula, "na ng'ombe kumi na mmoja."

Mageni alikuwa kando yao akisuka maziwa. Kibuyu alikuwa amekilaza mapajani, akikitikisa kwa mkono wa kulia peke yake.

"Na mkono, baba," alisema. Hakusema kwa hasira.

"Na mkono," alisema Mabula. Akasogea, akamshikia kibuyu upande wa pili.