Msaidizi wa Baragumu la Kwanza

"Dada, hilo ni baragumu au umeiba kiti cha choo?"

Jagoda aligeuka na tusi tayari mdomoni. Stesheni ya treni ya Poznań, Poland, ilifurika watu, na mbele yake alisimama kijana wa koti la kijivu na skafu nyekundu, amebeba kasha la duara kama lake. Jagoda akacheka bila kupenda.

Jina lake Witold. Kumbe ndiye aliyekodiwa kumsaidia katika simfonia ya Dorosz, mtunzi ambaye muziki wake haujapigwa tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mzito muziki huo, usiombe! Msaidizi hupuliza penye kelele ili mpulizaji wa kwanza apumzishe midomo, abakiwe na nguvu za kile kipande kitamu cha sehemu ya tatu anachopuliza peke yake. Jagoda, mpulizaji wa kwanza, alikihitaji mno kipande hicho. Msimu uliopita sauti ya baragumu ilimkatikia mbele ya ukumbi mzima. Akiharibu tena, kiti chake anapewa mwingine.

Wakazoeana upesi, hata Jagoda akawa anamwita Witek. Mchana supu, usiku simu.

"Umelala, roho yangu?"

"Nimelala."

"Mbona unajibu?"

"Nyamaza, Witek, utaniamsha."

Halafu yakaja mazoezi ya mwisho. Jagoda alichelewa kidogo tu kuanza kipande chake, Witold akakidaka. Tena akakipuliza vizuri, kiongozi wa okestra akatabasamu.

"Umeninyang'anya!" Jagoda alimfokea koridoni.

"Nilidhani umekwama, mpenzi. Nilitaka kukuokoa."

"Nani kakuomba? Usinipigie simu tena!"

Siku ya onyesho Jagoda aliingia na gauni lake jeusi la mikono mirefu, salamu hakutoa. Kila penye kelele alipuliza mwenyewe, ukaidi mtupu. Sehemu ya pili haijaisha, midomo ikaanza kufa ganzi. Hofu ikampanda. Witold, baragumu kalipakata, alimtazama akingoja ishara ampokee. Angekitaka kiti chake, Jagoda akawaza, angengoja tu aanguke.

Jagoda akamgusa goti. "Chukua hapa."

"Na kipande chako?"

"Changu ni changu. Hata nikikwama."

"Hata ukikwama," Witold akanong'ona, akainua baragumu.

Alipuliza hadi shingo ikawa nyekundu. Sehemu ya tatu ilipoanza, akaliweka baragumu sakafuni, mikono magotini. Jagoda akavuta pumzi, akaingia. Noti moja ilitetemeka lakini haikukatika, na zilizofuata zikatoka laini, zimejaa, mpaka mwisho.

Makofi yalipolipuka, kiongozi akamnyooshea Jagoda mkono asimame. Jagoda akasimama, akamvuta Witold kwa mkono wa koti.

"Simama nawe."

"Msaidizi hasimamishwi, Jagoda. Ndivyo ilivyo."

"Na mchumba wangu je?"

"Mchumba! Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Unasimama, au na mimi nikae?"

Witold akasimama mbio hadi kiti kikaanguka, na kiongozi, ambaye hakuelewa lolote, akampigia makofi.