Deni la Ijumaa Kuu

—Sema tena, Arsenio, mbele ya Kapteni. Pesa zangu zilikwenda wapi?

Arsenio hakumtazama Mama Puring, mkopeshaji wake. Alitazama kofia iliyokuwa magotini pake.

—Kwenye kamari ya jogoo. Zote.

Ligaya alifumba macho. Miezi sita alikuwa akiishi na neno hilo, na bado lilimchoma. Kwa neno hilo alimfukuza mumewe. Tangu hapo Arsenio alilala kwenye kibanda cha pampu, pembeni mwa shamba lao la mpunga.

—Peso laki moja na themanini kwa kuku! —Mama Puring alibetua midomo. —Kapteni, shamba lile wamelinunua wakiwa mume na mke. Nalitaka.

Kapteni Baltazar, mkuu wa kijiji, alivaa miwani mezani pake; dirishani majirani walijazana kusikiliza.

—Mama, sheria unaijua. Mali ya ndoa hulipa deni lililoifaa familia. La kamari humwangukia mcheza kamari peke yake. Mke hahusiki.

—Sasa huyu atanilipa na nini? Na suruali?

—Nitakwenda Manila kubeba zege —alisema Arsenio. —Nitalipa hata miaka kumi. Shamba mwachie Ligaya.

Kapteni akashika kalamu.

—Mama, ulimpa lini?

—Alhamisi, ile ya kuelekea Pasaka.

—Nawe Arsenio, ulizipoteza lini?

—Kesho yake asubuhi.

Kalamu ikasimama.

—Ijumaa Kuu?

Mama Puring, aliyekuwa akijipepea, aliacha. Ijumaa Kuu kijijini kwao hata redio hazifunguliwi. Uwanja wa kupiganisha jogoo hupigwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa kaka yake Kapteni.

Mkono wa Ligaya ulikwenda wenyewe tumboni, penye kovu. Ijumaa Kuu ile yeye alikuwa juu ya meza ya upasuaji. Mimba ilitunga nje ya kizazi, ikapasuka. Alipozinduka, Arsenio alimwambia: "Binamu yako Wilma katuma pesa kutoka Riyadh. Usimtajie kwenye simu, mumewe asije akajua."

Alitoa simu, akamwandikia binamu yake: "Wilma, sijakushukuru kwa zile pesa za hospitali."

Jibu likaingia: "Pesa gani dada? Mimi mwenyewe mwezi wa pili huu sijalipwa. Hospitali ulilazwa lini? Mbona hamniambii?"

Ligaya alisimama.

—Arsenio, kuku wa sikukuu huwa namchinja mimi, kwa sababu wewe ukiona damu unaanguka. Jogoo gani huyo uliyemchezea?

—Kaa chini, mke wangu. Nakuomba.

—Alikuwa wa rangi gani?

—Mwekundu.

Mtu mmoja dirishani alicheka. Hakuna aliyecheka naye.

—Pesa zile ulizilipa hospitali —alisema Ligaya.

Arsenio alikunjakunja kofia mpaka ikawa kitambaa.

—Nilimuuliza karani wa mahakama. Akasema deni likiwa la matibabu, shamba linakwenda. Likiwa la kamari, nadaiwa mimi tu. Ulishampoteza mtoto, Ligaya. Nikuongezee na shamba?

—Ukaona heri nimpoteze na mume? Miezi sita nakutukana, unanyamaza tu!

—Matusi hayachukui ardhi.

Kapteni alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

—Binti yangu, sijaandika kitu bado. Ukitamka, siwezi kulirudisha neno. Fikiri.

Ligaya alitazama nje. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, wa manjano. Kila tuta alilijua kwa nyayo zake. Miaka tisa ya kujinyima ilikuwa pale. Aligeuka, akashika meza.

—Andika, Kapteni. Deni hili nimelila mimi. Ndilo lililonirudisha nyumbani nikiwa hai.

Arsenio alijifunika uso kwa kofia. Mabega yake yalitikisika.

Mama Puring aliinuka, akakunja karatasi yake. Mlangoni aligeuka.

—Umebakiza wiki mbili huo mpunga. Vuneni kwanza. Mimi si mchawi.

Mume na mke walitoka nje. Penye njia panda Arsenio alikata kushoto, kwa mazoea.

—Unakwenda wapi?

—Kibandani. Nguo zangu ziko kule.

Ligaya alimshika mkono.

—Utazifuata kesho. Kibanda ni cha Mama Puring sasa. Twende nyumbani.